Joho la Kukamulia

Ng'ombe wa Profesa hakubali kukamuliwa na mtu ambaye hajavaa joho. Watu wa Wamagana wakitaka kumweleza mgeni Profesa ni mtu wa aina gani huanzia hapo, na mimi sioni sababu ya kuanzia kwingine.

Ni joho lenyewe, lile jeusi la mahafali, lenye kitambaa chekundu ndani ya mikono. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, baridi ilishuka kutoka milima ya Nyandarua na ukungu ukakaa juma zima bila kuinuka. Koti la Profesa lilikuwa limetobolewa na panya, kwa hiyo akavaa joho juu ya sweta akaingia zizini. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita cucu, alipomwona kupitia ua wetu wa miba ya kayaba alidhani ni padre amekuja kumwombea ng'ombe kabla hajakata roho.

"Wewe mzee wa vitabu," cucu alimwita, "hiyo nguo si ni ya kusomea?"

"Imenitesa miaka mingi, mama. Wacha sasa nayo itoe jasho."

Baridi ilipoisha ng'ombe alikuwa amezoea. Asiyevaa joho alikula teke. Siku Profesa akienda Mweiga kutazama viazi vyake, mke wake hulivaa yeye, akakamua, akalitundika tena msumarini. Mama huyo alisoma mpaka darasa la nne. "Na ng'ombe hajawahi kuniuliza cheti," husema.

Mimi ni jirani tu. Nasoma shule ya kutwa hapa Tetu, na kama mnavyonijua, au tuseme kama msivyonijua, siongei. Mwalimu akiniuliza swali natazama viatu vyangu mpaka amwulize mwingine. Profesa ndiye mtu mzima pekee aliyefurahia tabia hiyo. Nikienda kwake kuchukua maziwa alinikalisha kwenye kigoda akanihutubia mkebe ukijaa na baada ya mkebe kujaa. "Wewe ni darasa langu zuri kuliko yote," aliniambia. "Hakuna maswali, hakuna migomo."

Alikuwa amefundisha Chuo Kikuu na kuketi katika Seneti yake. Halafu siku moja alisimama mkutanoni akasema kwamba Makamu wa Chansela, yaani yule anayekiendesha chuo siku kwa siku, achaguliwe na wanaofundisha na wanaosoma, na muhula wake ukiisha arudi darasani kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Haukupita muda mrefu akawa hapa Wamagana anapogoa kahawa. Yeye husema aliomba likizo. Mke wake husema likizo ndiyo ilimwomba yeye.

Hilo la kuchagua lilikuwa wimbo wake. Alipata kunieleza, mkebe wa maziwa kati ya magoti, kwa nini vyuo vyetu vinachechemea. "Mkubwa wa chuo anateuliwa na redio," alisema. "Unakula ugali wako saa saba, unasikia jina. Mwenye jina mwenyewe anasikia akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Na jioni ya siku nyingine, redio hiyo hiyo inamwondoa, na chuo hakijui alikosa nini wala alifaulu nini. Baraza la chuo limejaa watu ambao hawajui maktaba iko upande gani. Wanafunzi wakipiga kelele, dawa ni moja: funga geti. Sasa niambie, ng'ombe akikataa kutoa maziwa, unafunga zizi na kumfukuza porini?"

Sikumwambia. Nilitazama viatu.

"Umejibu vizuri," akasema.

Lakini sasa sikieni ajabu yake. Mtu huyu aliyeicheka redio hivyo, saa saba mchana ikifika hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa nyumbani kwake. Aliiweka redio juu ya kabati, akasimama mbele yake mikono nyuma, kama mtoto anayengoja kuitwa jina. Sote tulijua anangoja nini. Kulikuwa na habari kwamba serikali itaunda kamati ya kurekebisha vyuo vikuu, na wanaume wawili wenye suti walikuwa wamekuja na gari kutoka Nairobi, wakanywa chai kwake, wakamwuliza maoni yake, wakaondoka na kabichi. Tangu siku hiyo alikuwa na hamu moja tu duniani: kuketi katika kamati hiyo na kuyasema yale yale ya Seneti, safari hii mahali ambapo yangeandikwa kuwa sheria. Taarifa ikiisha bila jina lake, alizima redio na kusema, "Upuuzi mtupu." Kesho yake, saa saba kasoro, alikuwa amesimama pale tena.

Na mtetezi huyu wa kura hakuwahi kumruhusu mtu kukalia kiti chake cha mezani, hata padre. Aliwafundisha wenye ng'ombe wa dipu yetu ya kuogeshea mifugo dawa ya kupe wachague mwenyekiti kwa haki, si kwa ukubwa wa koti. Wakachagua kwa haki, wakamchagua mtu mwingine, na Profesa akapeleka ng'ombe wake kwenye dipu ya upande wa pili wa mto kwa mwezi mzima. "Si hasira," alieleza. "Ni utafiti."

Basi dada yangu alikuwa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu, anasomea kilimo. Alikuwa wa kwanza kutoka ukoo wetu kufika huko, na cucu alikuwa ameuza mitamba yake miwili ili afike. Wanafunzi wakagoma, geti likafungwa, na kila mmoja akaamriwa arudi kwao na kuripoti kwa chifu. Chifu wetu aliwapangia Jumamosi, kwa sababu siku nyingine alikuwa na kesi za mipaka na za pombe. Walikuwa wachache tu kutoka lokesheni yetu, wanatosha benchi moja. Wanakuja asubuhi, wanaketi nje ya ofisi, wanangoja Chifu awaone kwa macho yake, wanaenda. Na ilikuwa hivi: geti likifunguliwa, Chifu ndiye angesema nani alitulia nyumbani na nani hakutulia. Ambaye hakutulia harudi. Cucu alimwambia dada, "Ukae kwa hiyo benchi kama yai kwa kiota." Mimi nilitumwa naye kila Jumamosi, nikibeba githeri, mahindi na maharagwe, ndani ya kiondo.

Jumamosi ya kwanza Profesa alipita na mkebe wa maziwa. Alipoliona benchi lile, vijana wa Chuo Kikuu wamejipanga bila la kufanya, macho yake yalifanya kama ya paka aliyeona dirisha la jikoni wazi.

"Hamjambo. Mnasoma nini leo?"

"Tunasoma ukuta, Profesa," dada akasema.

Akaweka mkebe chini akaanza. Askari wa Chifu, mtu wa kutoka magharibi, mrefu, mpole, akaja mbio.

"Mzee, mkutano bila kibali ni makosa."

"Nani ameuita mkutano?" Profesa akamwuliza. "Hawa wameitwa na serikali. Mimi napeleka maziwa, nimechoka, nimepumzika. Kupumzika pia kunataka kibali?"

Askari akafikiria. Akavuta mtungi mtupu wa plastiki, akaugeuza, akauketia. "Basi endelea kupumzika," akasema. "Lakini pumzika kwa sauti ya chini."

Hivyo ndivyo tulivyopata chuo kikuu Wamagana. Kila Jumamosi, Chifu akichelewa, na alichelewa siku zote, benchi lilisoma. Walijadiliana nani anafaa kukiongoza chuo, pesa zake zitoke wapi bila mtoaji kukishika chuo masikio, na kwa nini kila wilaya inataka chuo chake hata kabla ya kuwa na maji. Askari ndiye aliyekuwa akiandika waliofika, kwa hiyo wakamfanya Msajili, naye akaanza kupiga pasi kofia yake. Nilimsikia dada akimpinga Profesa waziwazi, jambo ambalo mimi nisingeweza hata ndotoni.

"Mkuu akichaguliwa na watu wote, si atakuwa anabembeleza watu wote?" dada alimwuliza. "Mimi nataka ninayeweza kumtoa, si ninayeweza kumweka tu."

"Wewe msichana unaharibu nadharia yangu."

"Ilikuja kama imeharibika, Profesa."

Benchi likacheka mpaka Msajili akanyoosha kidole: sauti ya chini.

Ndipo Profesa akasema maneno matupu hayakamui. Chuo kina Msajili lakini hakina Makamu wa Chansela. Tufanye uchaguzi, tuone kama jambo hili linawezekana hapa kwetu. Akajitaja mwenyewe kuwa mgombea, kwa unyenyekevu mkubwa. Wanafunzi wakamtaja dada. Profesa alihutubia mpaka jua likahama upande wa pili wa mti wa mkuyu. Dada alisimama akasema, "Nikishindwa kazi mnitoe," akaketi.

Kura zilikuwa kahawa kutoka shamba la Profesa. Kila mtu, na wagombea pia, alipewa punje mbili: nyekundu iliyoiva ni ya dada, kijani mbichi ni ya Profesa. Unageuza mgongo, unatia moja ndani ya kiondo cha cucu, nyingine unaitupa. Wa kuhesabu wakanichagua mimi.

"Huyu haongei na mtu," Profesa alisema. "Hawezi kuhongwa. Utaanzaje?"

Nilikwenda nyuma ya ofisi nikazimwaga kura juu ya jiwe. Nikazitazama. Nikazitazama tena. Ndipo mbuzi wa Chifu, dume lenye ndevu ambalo hakuna aliyethubutu kulifunga, likatia mdomo na kuzila zote, likatafuna likinitazama machoni. Nikarudi na kiondo kitupu.

"Dada," nikanong'ona.

"Kwa tofauti gani?" Profesa akauliza upesi.

Nikatazama viatu vyangu. Wote walikuwa wameshazoea.

Profesa alinuna vizuri sana. Alisema uchaguzi ulikuwa na dosari. Alisema kura zirudiwe kuhesabiwa, akaambiwa na Msajili, aliyekuwa amemwona mbuzi akitafuna, zilipo, akasema hata huko zifuatwe. Juma zima alimlalamikia ng'ombe wake akiwa amevaa joho, nami nilisikia kupitia ua: "Mtoto wa juzi! Kilimo! Hata si falsafa!"

Kosa lililofuata lilikuwa la cucu, na lilikuwa kosa la mapenzi. Dada alimwambia kwa mzaha kwamba amechaguliwa Makamu wa Chansela. Cucu hakusikia mzaha. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, alisimama akapiga vigelegele. "Mnipigie makofi," akasema. "Ile mitamba yangu haikuenda bure! Mjukuu wangu amechaguliwa mkubwa wa yunivasiti, kwa ofisi ya Chifu!" Kanisa likapiga makofi. Mhubiri akamwombea dada hekima ya kuongoza. Kwenye kiti cha mbele, kofia magotini, Chifu hakupiga makofi.

Jumamosi iliyofuata Chifu aliwahi. Hilo halikuwa limewahi kutokea. Cucu alikuwa amekuja nami siku hiyo, amevaa gambuti zake za shambani, amekwisha kuelewa alilolifanya.

"Nasikia niko na yunivasiti kwa boma yangu," Chifu alisema, akitembea mbele ya benchi. "Mimi mwenye boma sijui. Geti ya Nairobi inafunguliwa, DO, mkubwa wangu wa tarafa, anataka nimwambie nani ni mtu wa fujo. Nami nitamwambia jina moja tu. Sasa, mkubwa wa hii yunivasiti ni nani?"

Dada akavuta pumzi. Namjua dada; alikuwa anataka kusimama.

"Ni mimi," sauti ikasema nyuma yetu.

Profesa alikuwa ametoka zizini moja kwa moja. Alikuwa na joho, pindo lake limeganda samadi, na mkebe mkononi.

"Wewe?" Chifu akasema. "Cucu wa huyu alisema kanisani ni msichana wake."

"Cucu alidanganywa. Huyu msichana aliniibia kura." Profesa alimnyooshea dada kidole, na hasira yake ilikuwa nzuri mno, maana alikuwa ameifanyia mazoezi juma zima. "Nilishinda mimi! Niliita watu mimi, niliwafundisha mimi, nikagombea, nikashinda. Hawa watoto walikuwa wanangoja kuonekana na wewe tu. Makamu wa Chansela hapa ni mimi, na sitakubali mtoto wa kilimo anipokonye cheo changu mbele ya serikali!"

"Profesa!" dada akaanza. Hakumaliza. Cucu alikuwa amemkanyaga mguu kwa gambuti, na uzito wake wote ulikuwa juu ya mguu huo.

Chifu akamgeukia askari. "Nani alishinda?"

"Afande," Msajili akasema, amesimama wima, "kura zilikuliwa na mbuzi yako."

"Mbuzi yangu?"

"Ndiyo, Afande. Ushahidi iko kwa tumbo."

Yule dume alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi akitafuna kitu kingine. Chifu akauliza nani alizihesabu kabla ya mbuzi, na benchi zima likanitazama, na Chifu akaja akasimama mbele yangu karibu sana hata nikaweza kuona vifungo vyake viking'aa.

"Wewe mtoto. Nani alishinda?"

Nilifungua mdomo. Hakukutoka kitu, kama kawaida. Lakini mkono wangu, ambao haujawahi kuona haya kama mimi, uliinuka wenyewe ukamwonyesha Profesa.

"Mnaona?" Profesa akanguruma. "Msimamizi wa uchaguzi amesema!"

Chifu alimtazama mtu yule na joho lake la samadi. "Mzee wangu," akasema taratibu, bila kelele sasa, "unajua hii nikipeleka kwa DO, ile kamati yako ya redio...?"

"Najua."

"Na bado unasema umeshinda?"

"Kwa kishindo," Profesa akasema.

Dada alirudi Chuo Kikuu geti lilipofunguliwa, na benchi lote likarudi. Profesa ndiye aliyebaki, kwa amri ya DO, kuripoti kwa Chifu kila Jumamosi. Nilikuwa nikipita njia ile nikamwona ameketi peke yake kwenye benchi refu, Msajili juu ya mtungi, na mbuzi kati yao, wanajadiliana. Watu wakimuuliza kuhusu ule uchaguzi alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, kwamba alishinda na kwamba dada yangu hajawahi kumpongeza. Hakubadilisha neno hata siku moja. Nami nilikuwa nimejua kitu tangu pale kwenye jiwe, nikakinyamazia, kwanza kwa sababu ndivyo nilivyo, na baadaye kwa sababu niliona kinahitaji kunyamaziwa.

Majuzi nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, na cucu akanituma Nyeri mjini kununua sukari na kitambaa. Kwenye baraza la fundi wa nguo, mzee mmoja Mwislamu wa mtaa wa Majengo ambaye hushonea hata mahakimu, nilimkuta Profesa kwenye kiti cha wateja. Amekonda kidogo. Fundi alikuwa ameshika joho, amegeuza uso pembeni.

"Profesa, mimi ni mtu mzima, nimeshona mengi," fundi alisema. "Lakini nguo hii yanuka zizi."

"Ifue, uipunguze mabega. Anayeivaa si mimi." Akaniona. "Aa! Darasa langu! Mwambie dada yako asikodishe joho la mahafali. Linakuja. Nimeshona jingine la gunia la kukamulia, ng'ombe anajifunza."

Ilikuwa saa saba. Fundi aliinua sauti ya redio iliyokuwa juu ya rafu ya nyuzi, kwa desturi tu. Msomaji akasema kamati ya kurekebisha vyuo vikuu imeteuliwa, na wajumbe wake ni hawa wafuatao. Profesa hakusimama. Lakini niliona mikono yake ikienda nyuma ya mgongo, pale pale kitini, ikakutana. Majina yalikuwa mengi. Yalikwisha. Ikaja habari ya bei ya pareto.

Fundi alishusha sauti. "Labda nyingine, inshallah," akasema kwa upole, akainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Upuuzi mtupu," Profesa alisema, lakini safari hii hakulitia nguvu.

Sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimesimama na kilo mbili za sukari, mtu ambaye kwa miaka yote ile hajawahi kumpa hata sentensi moja kamili.

"Profesa," nikasema, "mimi ndiye niliyezihesabu kura. Zote zilikuwa nyekundu. Hukupata kura hata moja."

Akanitazama. Uso wake ulikunjuka polepole, kama ukungu unapoamua kuinuka Tetu, kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega tu.

"Hata moja?"

"Hata ya kwako."

Alichukua chaki ya fundi, akaweka alama mwenyewe kwenye bega la joho mahali pa kukunja, akarudi nyuma akaitazama kwa jicho moja.

"Basi hiyo," akaniambia, "usiwape watu wa redio."

Fundi akakanyaga cherehani.